Talaka ya mahakamani Kigoma: namna ya kuifungua na namna ya kutafuta hati ya zamani

Ujiji, Gungu, Mwanga, hata kule Kasulu na Kibondo, wapo watu wengi wanaodhani wameachana, kumbe mbele ya sheria bado ni mume na mke. Mmoja alirudishwa kwao na wazee, mahari ikahesabiwa na kurejeshwa. Mwingine ana karatasi ya daftari aliyoandikiwa na mumewe, "nimekuacha talaka moja", ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Wengine walitengana tu, kila mtu akashika njia yake. Mambo hufumuka baadaye: mmoja anapofariki na mirathi inafunguliwa, au anapotaka kufunga ndoa nyingine, au nyumba inapotaka kuuzwa.

Kwa Tanzania Bara jambo hili linaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Inahusu ndoa zote: ya Kiislamu, ya kanisani, ya bomani na ya kimila. Chini ya sheria hiyo talaka inayotambulika na serikali ni ile iliyotolewa na mahakama. Kikao cha ukoo, karatasi ya mume na barua ya mwenyekiti wa mtaa vinaweza kuwa ushahidi wa yaliyotokea, lakini havivunji ndoa. Ndoa ya mke mmoja ikiwa haijavunjwa mahakamani, ndoa mpya utakayofunga juu yake ni batili, na anayeumia zaidi ni yule mwenza mpya na watoto wake.

Ninaandika kwa ajili ya mtu wa Kigoma asiye na wakili, mwenye nauli ya kuhesabu. Njia ni hiyo hiyo kwa jirani zetu wa Tabora.

Kusanya karatasi kabla ya kuondoka nyumbani

Anza na cheti cha ndoa. Kama kimepotea au mwenzako amekificha, nenda polisi uchukue taarifa ya upotevu, kisha urudi mahali ndoa ilipofungwa: msikiti au ofisi ya BAKWATA, parokia au usharika, au ofisi ya Mkuu wa Wilaya kama mlifunga bomani. Mfungishaji ndoa mwenye leseni hubaki na rejista yake, na nakala hupelekwa kwa Msajili Mkuu, yaani RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Kwa hiyo kupotea kwa cheti cha nyumbani hakumaanishi ndoa imekosa ushahidi.

Ndoa ya kimila ambayo haikusajiliwa bado ni ndoa. Hapo utahitaji watu: mshenga, mzee aliyepokea mahari, jirani aliyehudhuria. Na kama mliishi pamoja miaka miwili au zaidi, majirani wakiwajua kuwa ni mume na mke, sheria inaweza kuchukulia kuwa mlioana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtu wa namna hiyo naye anaweza kwenda mahakamani kudai matunzo, watoto na haki nyingine. Asikae nyumbani kwa sababu ameambiwa "wewe hukuolewa".

Ongeza vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura, na karatasi zozote za mali. Kama kuna kipigo, tafuta fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, na karatasi za hospitali. Kama umewahi kulalamika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi, andika tarehe na namba ya taarifa. Vyote hivyo viweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba mnayoishi. Wapo waliochomewa vyeti vyao usiku mmoja kabla ya kwenda barazani.

Ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila kibali maalumu cha mahakama. Kibali hicho hutolewa pale ambapo mwombaji anapata mateso makubwa yasiyo ya kawaida. Kama uko kwenye hatari, usisubiri miaka miwili itimie: nenda polisi leo, na kibali kiombwe baadaye.

Baraza la usuluhishi: hapa ndipo wengi hukwama

Hakuna hatua inayoharibu mashauri mengi kama hii, kwa hiyo isome polepole.

Kabla ya kwenda mahakamani lazima mgogoro wenu upite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Sheria inataka kila kata iwe nalo, na jumuiya za dini pia zinaweza kuwa na mabaraza yao yanayotambuliwa na serikali. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Kama nyote ni wa jumuiya moja ya dini yenye baraza lake, mnakwenda huko. La sivyo, baraza lenye mamlaka ni la kata anakoishi mume, na kama mume haishi Tanzania, la kata anakoishi mke. Jambo hili la kata ya mume huwaponza wanawake wengi. Mama amerudi kwao Kasulu, anapeleka lalamiko kwenye kata ya kwao, wakati mume bado anaishi Gungu. Baadaye mume anasimama mahakamani na kusema baraza lile halikuwa na mamlaka, na muda wote umepotea.

Barazani huhitaji wakili. Sheria yenyewe hairuhusu wakili kusimama pale bila idhini ya baraza. Ndugu wa familia anaweza kukusemea.

Kazi ya baraza ni kupatanisha. Halina uwezo wa kutoa talaka, halina uwezo wa kugawa nyumba, halina uwezo wa kusema mtoto abaki na nani. Ukiona baraza limeandika kwamba "limevunja ndoa" au limewagawia mali, ujue limevuka mipaka na maandishi hayo hayatakusaidia. Unachotakiwa kutoka nacho ni hati inayosema kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Hati hiyo hutolewa kwenye Fomu Na. 3. Ikague hapo hapo mezani kabla hujaaga: majina yenu yote matatu yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe ipo, jina la baraza limeandikwa kuwa ni baraza la usuluhishi la ndoa, mwenyekiti amesaini, muhuri unasomeka, na maneno ya kushindwa kuwasuluhisha yameandikwa wazi. Hati iliyoandikwa "mlalamikaji aende mahakamani kwa hatua zaidi" bila kusema kwamba usuluhishi umeshindikana inaweza kukurudisha mwanzo. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mashauri yaliyofunguliwa bila hati inayotakiwa, hata baada ya watu kushinda huko chini. Mtu anashinda, anagawiwa nyumba, anapika kwenye nyumba hiyo, halafu anaambiwa shauri lake lilikuwa batili tangu siku ya kwanza.

Wajumbe wengi ni wazee wenye nia njema na watakuambia uvumilie. Wasikilize, kwa sababu usuluhishi wa kweli upo na ndoa nyingi hupona pale. Lakini kama umeamua, sema kwa heshima na bila kuzungukazunguka: "Shikamooni wazee wangu. Nashukuru kwa nasaha. Mmetuita, mmetusikiliza sote wawili, na hatukupatana. Naomba baraza linipatie hati kwamba usuluhishi umeshindikana, niende mahakamani." Hiyo ni haki yako, na huiombi kama fadhila.

Mwenzako akikataa kuitikia wito, baraza lisikuache ukining'inia. Omba kila wito uandikwe, uwe na tarehe, na upelekwe kupitia mwenyekiti wa mtaa au mtendaji. Kukataa kwa makusudi kufika barazani ni moja ya sababu zinazoruhusu shauri kuendelea mahakamani bila usuluhishi. Sababu nyingine ni mwenza aliyekutelekeza na hujui aliko, mwenza anayeishi nje ya nchi na haelekei kurudi ndani ya miezi sita, aliyefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano, mwenye ugonjwa wa akili usiotibika, au hali ya pekee inayofanya usuluhishi usiwezekane. Kwetu hapa kando ya ziwa hizi mbili za mwanzo ni za kila siku. Mtu amevuka kwenda Kalemie au Uvira, amekaa huko, ameoa huko. Au ameingia migodini na namba ya simu haipatikani. Hata hivyo, kama baraza lipo karibu, nenda tu upate hati. Ni rahisi kuliko kuanza kubishana mbele ya hakimu kuhusu misamaha ya sheria.

Jambo la mwisho kuhusu hati: ina umri. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu hati ilipotolewa. Hati ya Januari haifai kupelekwa mahakamani Agosti. Ikipita muda, rudi barazani.

Waislamu na talaka iliyotamkwa

Ujiji ni mji wa Waislamu wa miaka mingi, kwa hiyo swali hili huulizwa kila mara: kama mume ameshatoa talaka kwa mujibu wa dini, mahakama ya nini tena?

Sheria imelipa jambo hili njia yake. Baraza likishashindwa na kutoa hati, na baada ya hapo mmoja wenu akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na itatoa amri ya talaka. Angalia mpangilio: hati ya baraza kwanza, talaka ya kidini baadaye, kisha mahakama. Kama talaka yako ilitamkwa zamani kabla ya baraza lolote, nenda barazani sasa, pata hati, halafu ile karatasi ya zamani iambatishe kama kielelezo. Na kama wewe ni mke na mume amekataa kukuacha, huhitaji ridhaa yake ili uende mahakamani. Mke ana haki sawa na mume ya kufungua shauri.

Kwa Wakatoliki ieleweke tu kwamba amri ya mahakama inamaliza ndoa kwa serikali. Suala la kuoa au kuolewa tena kanisani ni la jimbo, na lina utaratibu wake kupitia paroko.

Mahakama ipi?

Sheria inazipa uwezo Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Kwa mtu wa kawaida ninashauri Mahakama ya Mwanzo ya eneo lenu. Iko karibu, mashahidi wako hawahitaji nauli kubwa, mambo yote ni kwa Kiswahili, na karani amezoea watu wasio na wakili. Mahakama ya Wilaya ni nzuri kama mali ni nyingi na zenye mvutano, au kama mwenzako ameshaweka wakili na wewe umepata wa kwako.

Mkimbizi au mgeni aliyeoa au kuolewa hapa naye anaweza kufungua shauri nchini ikiwa ameishi Tanzania angalau mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua.

Usipitie kwa vishoka wanaokaa nje ya geti la mahakama wakisema wanajua karani. Msaada wa bure upo: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imetambua wasaidizi wa kisheria, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza waliosajiliwa. Atakayekudai hela kwa jina la msaada wa kisheria, mwache.

Kuandika na kufungua madai

Hati ya madai haihitaji maneno makubwa. Hakimu anataka kujua mlioana lini, wapi na kwa ndoa ya namna gani. Watoto ni wangapi, majina na umri wao. Mnaishi wapi sasa. Kama kuna shauri lingine la ndoa lililowahi kufunguliwa. Nini kimeivunja ndoa. Na unaomba nini. Sehemu hii ya maombi iandike yote kwa mara moja: talaka, mgawanyo wa mali, kukaa na watoto, matunzo. Usipoomba mgawanyo wa mali, usitarajie hakimu akugawie.

Kuhusu kilichovunja ndoa, sheria inataka ndoa iwe imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na inataja mambo yanayoweza kuthibitisha hivyo: uzinzi, hasa ukirudiwa licha ya kulalamikiwa, ukatili wa mwili au wa moyo dhidi yako au watoto, kupuuzwa kwa makusudi, kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi, kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi, kifungo kirefu, na mengine. Orodha hii haifungi mlango, hakimu anaweza kuangalia sababu nyingine. Andika matukio, siyo matusi. "Tarehe fulani alinipiga kwa mkanda mbele ya mtoto wetu wa kwanza, nikatibiwa hospitali, PF3 imeambatishwa" ina uzito kuliko ukurasa mzima wa "ni mtu mbaya na hana utu".

Ambatisha nakala ya cheti cha ndoa na hati ya baraza. Ada hulipwa kwa kontroo namba utakayopewa na mahakama, benki au kwa simu. Tunza risiti. Usimpe mtu fedha taslimu mkononi.

Wito na siku ya kusikilizwa

Mahakama humwita mwenzako kwa hati ya wito. Mpe karani anuani inayoeleweka: mtaa, jina la balozi au mwenyekiti, namba ya simu, sehemu anayofanyia kazi. Kama ni mvuvi wa Kibirizi, taja mwalo na mtu anayefahamika pale. Akijificha, omba mahakama iruhusu wito upelekwe kwa njia nyingine, pamoja na tangazo gazetini. Akiitwa ipasavyo na asifike, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja.

Fika mapema. Simama unapozungumza na hakimu, jibu ulichoulizwa. Mashahidi wachache walioona kwa macho yao wanatosha. Shangazi aliyesikia habari kwenye simu akiwa Dodoma hatakusaidia.

Mali: usiingie ukiwa mikono mitupu

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wanawake wengi wa Kigoma huondoka na sufuria na kanga wakidhani ndivyo sheria inavyosema. Sivyo.

Mahakama hugawa mali mlizochuma pamoja wakati wa ndoa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, pamoja na madeni mliyokopa kwa faida yenu wote, mahitaji ya watoto wadogo na mila za jamii yenu. Sheria inaelekeza mahakama kuegemea kwenye usawa. Na tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika. Kupika, kuchota maji, kulea, kumuuguza mume, kulinda nyumba yeye akiwa ziwani, vyote hivyo vinahesabiwa. Hata mali aliyokuja nayo mmoja kabla ya ndoa inaweza kuingia kwenye hesabu kama iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi zenu wote wawili.

Lakini hakimu hagawi anachosikia tu, anagawa kilichothibitishwa. Chukua mfano wa mke wa mvuvi. Mtumbwi, injini na nyavu za dagaa viko kwa jina la mume. Mke anasema, "Nami nilichangia." Kwa namna gani? Hapo alete daftari la kikoba lenye mkopo aliochukua mwezi ule ule injini iliponunuliwa, na shahidi kutoka kikobani. Alete mwanamke mwenzake wa mwaloni aeleze kwamba huyu ndiye aliyekuwa akianika dagaa juani na kusimamia mauzo hadi gunia lipakiwe kwenye gari. Alete karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye sahihi za mashahidi. Kwa shamba la michikichi, alete jirani wa mpakani anayejua nani alipanda miche na nani alikuwa akikamua mawese. Andika orodha ya mali moja baada ya nyingine, ilipo, ilipatikana mwaka gani, inakadiriwa kuwa na thamani gani. Mali usiyoitaja ni kama haipo.

Ukihofia nyumba kuuzwa kabla ya hukumu, ujue kwamba mwenza haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama kiwanja kina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama hakina, na vyetu vingi havina, peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata ukieleza kuwa kuna shauri la ndoa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha iombe mahakama zuio la muda. Wanunuzi wa viwanja hapa kwetu hupitia serikali ya mtaa, kwa hiyo barua ile inaweza kuzuia mauzo hata kabla hakimu hajakaa.

Watoto

Kinachotazamwa kwanza ni maslahi ya mtoto. Kwa mtoto chini ya miaka saba sheria inachukulia kuwa ni heri akae na mama, isipokuwa ithibitishwe kuwa haimfai. Mtoto mkubwa anaweza kuulizwa anataka kukaa wapi. Kukaa na mama hakumwondolei baba wajibu wa chakula, ada na matibabu. Andika gharama halisi za mwezi, siyo kiasi cha kumkomoa mtu. Hakimu akiona umeomba fedha ambazo baba hawezi kuzipata hata akivua usiku wote wa giza, atapunguza, na imani yake kwako kwa mambo mengine itapungua pia.

Baada ya hukumu

Hukumu ikisomwa usirudi nyumbani na furaha tupu. Omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na hati ya talaka yenye muhuri, siku ile ile kama inawezekana. Soma majina. Herufi moja iliyokosewa irekebishwe pale pale, kwa sababu ofisi zote utakazokwenda zitalinganisha na kitambulisho chako.

Asiyeridhika anakata rufaa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo rufaa huenda Mahakama ya Wilaya, na kutoka huko Mahakama Kuu. Zamani mtu wa Kigoma alipanda treni kufuata Mahakama Kuu Tabora. Sasa tunayo Mahakama Kuu hapa hapa Kigoma. Muda usiubahatishe: hesabu siku 30 tangu siku ya hukumu na uwe umewasilisha ndani yake. Na mwenzako akikataa kutoa mlichogawiwa, unarudi mahakama ile ile kuomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama. Usiende kuvunja mlango mwenyewe.

Halafu sajili talaka. Rejista ya talaka iko kwa Msajili Mkuu, RITA, na huduma zake wilayani utazipata ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Peleka nakala iliyothibitishwa, cheti cha ndoa na kitambulisho. Watu huruka hatua hii kwa sababu hakuna anayewafuata. Lakini siku utakapotangaza ndoa nyingine, tangazo hukaa siku 21 kabla ya ndoa, na mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi kwamba una ndoa hai. Hati ya talaka iliyosajiliwa humaliza pingamizi hilo.

Ukitafuta hati ya talaka ya miaka iliyopita

Pengine talaka ilitoka zamani na karatasi imepotea. Pengine unafungua mirathi ya baba na unataka kujua kama mke wa kwanza aliachwa kihalali. Anza na mahakama iliyotoa talaka, maana jalada mama liko huko. Ofisi ya kwenda ni masjala, yaani panapotunzwa majalada.

Karani atakuuliza namba ya shauri. Usipokuwa nayo, mpe majina yote matatu ya pande zote mbili, na mwaka, au miaka miwili mitatu ya kukisia. Atafungua rejista, lile daftari kubwa lenye mistari ya namba, majina, tarehe ya kufunguliwa na matokeo, na kupitisha kidole mstari kwa mstari. Taja na majina ya utani au ya kidini ambayo mhusika alikuwa akiyatumia. Mtu aliyesilimu anaweza kuwa kwenye rejista kwa jina ambalo wanawe hawalijui. Kumbuka pia kwamba maeneo yamegawanyika: Buhigwe, Uvinza na Kakonko zilikuwa sehemu ya wilaya nyingine kabla ya kuwa wilaya zenyewe, kwa hiyo shauri la zamani la mtu wa Buhigwe litafute Kasulu, la Kakonko Kibondo, na la Uvinza Kigoma.

Ombi liandikwe, hata kama karani ni jirani yako. Barua fupi kama hii inatosha:

Hakimu Mfawidhi,
Mahakama ya Mwanzo ........,
KIGOMA.

YAH: OMBI LA NAKALA YA HUKUMU NA HATI YA TALAKA, SHAURI NA. ...... LA MWAKA ......

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mdai/mdaiwa (au mtoto wa mdai/mdaiwa) katika shauri hilo kati ya ........ na ......... Nakala niliyokuwa nayo imepotea na nimeambatisha taarifa ya upotevu kutoka polisi. Ninaomba nakala iliyothibitishwa kwa ajili ya ......... Naambatisha nakala ya kitambulisho changu. Simu: .........

Kama wewe si mhusika wa shauri, eleza uhusiano wako na sababu, na ambatisha cheti cha kuzaliwa au hati ya usimamizi wa mirathi. Mashauri ya ndoa yana siri za watu ndani yake, na ofisa masjala ana haki ya kukuuliza. Baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Lililofika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani litafute pia kwenye TanzLII, tovuti inayochapisha hukumu za mahakama hizo bure. Andika jina la upande mmoja na neno Kigoma, au Tabora kwa rufaa za zamani. Utakachopata pale ni cha kusoma na kupata namba ya shauri. Nakala yenye muhuri bado inatoka masjala.

Jalada likikosekana kabisa, usikubali jibu la mdomo. Omba jibu la maandishi kwamba limetafutwa na halikuonekana. Ukiwa na jibu hilo, uliza RITA kama talaka ilisajiliwa, mtafute mtalaka au ndugu zake kwa nakala yao, na kama rufaa iliwahi kukatwa, ulizia mahakama ya juu, kwa sababu jalada la chini huitwa huko na mara nyingine halirudi. Nakala yoyote utakayoipata ipeleke kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyotoa talaka pamoja na lile jibu la maandishi, uombe jalada liandaliwe upya.

Aliye mbali, Dar es Salaam au nje ya nchi, anaweza kumtuma ndugu: barua ya idhini yenye sahihi yake, nakala ya kitambulisho chake na cha anayetumwa, na namba ya simu inayopatikana saa za kazi, maana karani akikwama kwenye jina atapiga mara moja, na usipopokea ombi lako linarudi chini ya rundo.